Feri haikwami sababu ya simu

Mhariri,

Kuna mwenzetu kaandika kwenye ukurasa huu eti gemu za vijana wa Mombasa zinarukaruka sababu simu zetu ni za bei ya chini. Mie nkasema huyu lazima ajibiwe, maana hapa mtaani Majengo kuna vijana wawili washaanza kutafuta pesa ya kukopa wanunue simu nyingine.

Mie na mpwangu tunatengeneza kigemu cha feri ya Likoni, wewe ndio nahodha, unavusha watu na magari na usigongane na meli zinazoingia Kilindini. Hesabu zenyewe, yaani feri iko wapi na maji yanaisukuma vipi, tumeweka zipigwe mara 20 kwa sekunde ili simu isichoke, sasa skrini inachora mara 60, kwa hivo picha tatu zinatoka feri iko palepale halafu ya nne imeruka. Hata simu iwe ya laki moja utaona hivohivo!

Dawa yake inaitwa intapolesheni, jina zito lakini hesabu ni ya shule ya msingi. Unaweka pale feri ilipokuwa hesabu iliyopita na pale ilipo hesabu hii, halafu kila ukichora unaangalia muda umeenda kiasi gani. Tuseme ilikuwa pikseli (kidoti cha skrini) ya 100, sasa ni ya 106, thuluthi ya muda wa kati ya hesabu mbili imepita, chora kwenye 102, picha inayofuata 104. Basi.

Ina bei yake lakini, picha inabaki nyuma ya hesabu kwa milisekunde 50 hivi, kwa feri nani atajua, gemu ya kupigana mtu atalalamika. Na kugongana kupimwe kwa mahali pa kweli sio pa kuchorwa, hapo mpwangu aliteleza, feri ikawa inapita katikati ya meli kama jini. Mie nami nkateleza kwenye kugeuka, toka nyuzi 350 kwenda 10 ni hatua ndogo tu ukipitia sifuri, lakini feri yangu ikazunguka duara karibu zima kwa upande wa pili, wallahi abiria wangetapika wote.

Simu tuliyojaribia ni ileile ya mpwangu, kioo kina ufa. Hao vijana wakipita hapa kwetu waje waishike wenyewe kabla hawajakopa.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa