Risala ya Chama cha Jiografia kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Karibu sana shuleni kwetu, hapa Nairobi. Kwa ruhusa yako, mgeni wetu, geuka kidogo uzitazame ramani mbili tulizozitundika kwa vibanio vya nguo. Zote ni za Kaunti ya Tana River. Ya kushoto tumeinakili kwa penseli kutoka ramani ya karne ya 19; ya kulia ni ya leo. Angalia pwani. Kushoto, Mto Tana unaingia Ghuba ya Ungwana kusini-magharibi ya kijiji cha Kipini, na Kipini kwenyewe kunaingilia baharini mto mwingine, Ozi. Kulia, Tana ndio unaoingilia baharini Kipini.

Mwaka jana ile ya kushoto tuliipeleka mashindanoni, tukakatwa alama eti tumekosea mto. Hatukubishana, ingawa mweka hazina wetu kinyongo hakijamtoka. Mto ulihama! Sultani wa Witu, dola ndogo ya zamani huko pwani, aliamuru uchimbwe mfereji wa Belezoni ili mitumbwi yenye mizigo ivuke kutoka Tana hadi Ozi bila kuzungukia baharini. Ulichimbwa kwa mikono, mwembamba tu. Mafuriko yakaja yakautanua, na baada ya miaka Tana ukaifuata njia ya mitumbwi.

Waliochora ramani za zamani nao walikuwa na yao. Wajerumani Clemens Denhardt na Gustav Fischer walisafiri kupanda Mto Tana mwaka 1878. Kufikia 1885 Witu iko chini ya Ujerumani, na 1890 ikaachiwa Uingereza.

Wenzetu hutuuliza Tana ya pwani inatuhusu nini. Bwawa la Ndakaini, linaloleta maji Nairobi, limejengwa kwenye Mto Thika, na Thika humwaga maji yake Tana. Tunakunywa kabla Kipini hawajaonja.

Mgeni wetu, tuna maombi mawili. Kwanza, kabati la chuma: mchwa wamekula kona ya ramani ya tatu, wakaondoka na Garsen yote. Pili, safari ya Kipini likizo ya Agosti, tukauone Belezoni kwa macho. Chakula tutachanga wenyewe. Mafuta ya basi ndiyo yametushinda.

Ahsante.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Jiografia