Ulezi wa India usiishie kwenye sifa

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu kurejea kwa ulezi, uwele na mtama mashambani na mezani India. Nchi hiyo ndiyo iliyopendekeza 2023 uwe Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizo. Lakini sifa hazimlipi mkulima. Tangu Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, yaani kampeni ya kuongeza mavuno kwa mbegu mpya na mbolea, serikali imenunua zaidi ngano na mchele.

Katika jimbo la Karnataka, mtu wa shamba humega tonge la ugali wa ulezi, akalichovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kutafuna. Chakula hicho kisigeuzwe biskuti za matajiri mijini! Jimbo la Odisha, lililoanzisha mpango wake wa nafaka hizi 2017, hununua ulezi kwa bei iliyotangazwa na kuugawa katika maduka ya mgao. Majimbo mengine yafanye hivyo.

Msomaji wenu, Morogoro