Tovuti ikizidiwa msikimbilie kununua seva kubwa

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Nyakato hapa Mwanza. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu nisemee jambo ambalo naona linawatoa hela bure watu wengi wa huku kanda ya ziwa, hasa vijana na vikundi vinavyoendesha tovuti zao wenyewe, kwamba wageni wakiongezeka tu mtu anaambiwa alipie seva kubwa zaidi, yaani mashine inayobeba tovuti, na yeye analipa, wakati hajaangalia hata siku moja hiyo mashine aliyonayo inahangaika na nini.

Mi na shemeji yangu tuna tovuti ndogo ya bei za samaki. Shemeji kila siku saa kumi na moja alfajiri yuko Mwaloni Kirumba, anauliza debe la dagaa leo linaendaje, sato, sangara, ananitumia kwa meseji mi naweka mtandaoni. Tulianza na wasomaji kama 40 kwa siku na wengi walikuwa ndugu. Baadae ikaanza kukua, na ilikua kwa kufuata mwezi, namaanisha mwezi wa angani, maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, sasa giza likirudi kila mtu anataka bei kwa wakati mmoja, wa Ukerewe, wa Ukara, wa Kome, wa Sengerema, mpaka wale wanaopakia magunia ya kwenda Congo. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi ni vurugu tupu, halafu kimya mpaka kesho yake.

Mwanzo tulikuwa kwenye hostingi, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva ya kampuni, ya bei rahisi iliyotangazwa kuwa haina kikomo. Siku ya tatu ya giza tukafungiwa, barua pepe ikasema tumetumia prosesa (ubongo wa kompyuta) kupita kiasi, tupande kifurushi. Jina la kampuni silitaji, ila kwa kweli iliniuma, kama kikomo kipo si waseme kipo tangu mwanzo? Siku mbili hizo akina mama wanaoanika dagaa Igombe walikuwa wanampigia shemeji mmoja mmoja kuuliza bei na yeye yuko katikati ya sokoni mikono imejaa magamba.

Tukafikiria kuweka kompyuta nyumbani, ikashindikana, umeme ukikatika tovuti nayo imekatika, na isitoshe kwenye intaneti ya laini za simu wateja wengi mnawekwa nyuma ya anwani moja kwahiyo mtu wa nje hawezi kuifikia mashine yako moja kwa moja. Tukakodi seva iliyoko Ujerumani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 1, tukaweka wenyewe WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Ikaenda vizuri wiki kadhaa mpaka asubuhi moja mtangazaji wa redio akataja anwani yetu hewani, kwa nia njema kabisa, na ndani ya dakika chache ukurasa ukawa mweupe una mstari mmoja tu, imeshindikana kuunganisha na databesi, yaani ghala la taarifa za tovuti. Nilikuwa nimekaa kitandani laptop mapajani, nikaingia kwenye logi, daftari ambamo seva inaandika yanayoipata, nikakuta imeandikwa RAM imekwisha na mfumo umeiua databesi ili wengine wapumue. Nikapiga hesabu, kila mgeni anapofungua ukurasa PHP, ile lugha inayoiendesha WordPress, inachukua karibu mega 50, wageni 20 wakigongana kwa pamoja hiyo ni giga nzima, hapo databesi yenyewe haijala kitu.

Fundi mmoja akatuambia dawa ni RAM giga 8. Tulikuwa tumeshaanza kuchanga. Lakini usiku ule nikajiuliza, hivi hii seva inapika nini? WordPress ilivyo, kila mtu akifungua, PHP inaamka, inaiuliza databesi maswali hata makumi, inaunga ukurasa, inamkabidhi msomaji, basi imemaliza na inausahau. Akija wa pili inaanza upya. Yaani ni mama ntilie anayewasha mkaa na kupika sufuria ya wali kwa kila mteja anayekaa benchi, na wote wameagiza wali! Bei ya dagaa imebadilika mara moja tu tangu alfajiri na sisi tunaipika mara elfu.

Basi tukabadilisha. Nikiweka bei, ukurasa unatengenezwa mara moja, unahifadhiwa kama faili lililokwisha kuiva, na Nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, inamkabidhi kila anayekuja bila kuiamsha PHP wala databesi. Bei ikibadilika faili la zamani linafutwa linatengenezwa jingine. Hiyo tu. Giza lililofuata wasomaji walikuwa wengi kuliko siku ya redio na seva ni ileile ya giga 1, nusu ya RAM imekaa haina kazi, hela tuliyochanga shemeji akanunulia simu yenye chaji inayodumu.

Na picha, jamani picha. Shemeji alikuwa anapiga dagaa wakiwa kwenye chanja, picha moja MB 4, ukurasa wa mbele una tano, hizo MB 20 za bando la mtu. Nilikuja kuelewa vizuri nilipokuwa Ukara kwa binamu yangu, kashika simu anasubiri bei, ule mstari wa juu unasogea kidogo unasimama, unasogea unasimama, akaweka simu mfukoni akaenda kuuza bila kujua bei ya Mwanza. Niliona aibu. Sasa kila picha inapunguzwa upana hadi pikseli 800 na kugeuzwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, inakuwa kama KB 90, zote tano hazifiki nusu MB. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kuvizia, ukurasa wetu mwepesi uliendelea kufunguka, polepole lakini ulifunguka.

Jingine, someni logi zenu. Kwetu karibu nusu ya waliokuwa wanagonga sio watu, ni roboti, nyingine zinabahatisha nywila usiku kucha, nyingine zinakusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba. Zenye adabu zinaisikiliza robots.txt, faili la kuziambia zisiguse wapi, zisizosikia tumeziwekea kikomo cha maombi kwa dakika. Hapo ungenunua seva kubwa ungekuwa unawalipia malazi wezi.

Sisemi seva kubwa haihitajiki kabisa. Sehemu ya kutafuta, au ukurasa ambao kila mtu anaona cha kwake, huwezi kuupika mara moja, huko RAM inaliwa kweli. Ila hiyo ije baada ya kupunguza mzigo.

Hili nawaomba pia watu wa halmashauri, vyama vya wavuvi na shule zetu, tangazo la ukurasa mmoja msiliskani likawa faili la MB 10, mwananchi wa kisiwani anataka kujua tarehe tu, andikeni maandishi.

Nanyi Mhariri, mkiwa mnachapa anwani ya tovuti ya mtu mdogo mpigieni siku moja kabla ajiandae. Yetu sijaiandika hapa makusudi, giza linaanza wiki ijayo na Jumamosi tunahamisha databesi, nitawatumia tukishamaliza.

Wabeja sana.

Msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza