Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama wenzangu,

Shughuli za mwaka za chama chetu cha kutunza kumbukumbu za wanawake mnazijua, sitawachosha. Machi 8 tuliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Julai tuliandaa maonyesho ya miaka 40 tangu Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake ufanyike hapa Nairobi, na picha za 1992 za akina mama waliogoma kula Uhuru Park wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe, zikawavuta wengi. Kanda za kaseti tunaendelea kuzihamishia kwenye kompyuta. Wanaosema tunajikokota wajue kwamba kanda ya dakika 90 huhamishwa kwa dakika 90, na mashine ni ile moja niliyoitoa nyumbani kwangu.

Fedha: wanachama 64, waliolipa ada 19, jumla shilingi 38,000. Michango 115,000. Kodi ya chumba 144,000. Zilizobaki zilinunua maboksi na bahasha. Mweka Hazina anayo orodha ya wadaiwa, na baadhi yao ndio wenye sauti kubwa katika kundi letu la WhatsApp.

Sasa nije kwenye makasha matatu, maana najua ndiyo mnayoyasubiri.

Makasha haya tuliachiwa na mama aliyehudhuria kongamano la 1985 la mashirika yasiyo ya serikali, lililoenda sambamba na mkutano ule wa Umoja wa Mataifa, pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Wajumbe wa serikali walikuwa KICC, jumba la mikutano la mjini; huku chuoni wanawake wanaopenda wanawake waliketi nyasini na kujieleza hadharani, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona. Ndani mna magazeti ya Forum '85, yaani ya kongamano hilo, vipeperushi, picha, na barua za miaka mingi baadaye. Kamati iliamua magazeti na vipeperushi visomwe na yeyote, ila barua na picha zifungwe mpaka waliotajwa waridhie au wawe wamefariki. Kura zililingana, nikapiga kura ya uamuzi kama katiba yetu inavyoniruhusu.

Niliambiwa nimewaficha wasagaji kama familia zao zilivyowaficha. Ni neno zito, na aliyelisema hakuwa amezisoma barua zenyewe. Mimi nimezisoma zote. Mna majina kamili, mitaa na mahali pa kazi. Baadhi yao leo ni nyanya za watu na viongozi wa kanisa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, kingalipo, na adhabu yake hufika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, inayolinda habari binafsi za watu. Mnataka chama chetu kiwe shahidi wa upande wa mashtaka?

Tulitolewa mfano wa Lesbian Herstory Archives ya New York, hifadhi ya kumbukumbu za wasagaji, iliyokaa miaka mingi nyumbani kwa Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi wake, kabla ya kufungua jengo lake Brooklyn mwaka 1993. Nawaheshimu sana. Lakini jengo ni lao. Sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba huingia kwa funguo zake akitaka kukagua mabomba.

Wengine walishauri makasha yapelekwe GALA, hifadhi ya kumbukumbu za mashoga na wasagaji iliyoko Johannesburg, Afrika Kusini, ambako katiba inawalinda watu hawa. Hilo nililipinga na bado nalipinga. Binti wa Kisumu anayetaka kujua waliomtangulia akate tiketi ya ndege?

Ili tulimalize, niliitisha mkutano maalum mwezi Agosti. Akidi haikutimia. Waliolalamika zaidi hawakufika wala hawakutuma udhuru, na chai iliyoagizwa nililipia mimi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata chumba chenye kabati la chuma, na kuanza kurekodi simulizi za wazee wetu wa Mombasa na Kisumu, hali ikiruhusu. Wafadhili kadhaa wameonyesha nia. Katibu atawajulisha.

Ada ya mwaka ujao inabaki shilingi 2,000. Malimbikizo nayo yalipwe kabla ya uchaguzi, kwani asiyelipa hatapiga kura, na hilo nalo limo katika katiba.

Wenu,
Mwenyekiti