Hasara ya siku isiyo na samaki aliibeba nani?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala katika gazeti lako la Jumatatu iliyosema kampuni haikuanzishwa ili igawe ajira, na kwamba asiye na kazi ajiulize mwenyewe ana thamani gani sokoni. Mwandishi alimtaja Milton Friedman, mchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1970 kuwa wajibu wa kampuni ni kuongeza faida. Na faida sina ugomvi. Nauza mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani, hapa Igogo, nisipoipata wanangu hawali. Kilichonikwaza ni pale aliposema faida ni haki ya mwenye mtaji kwa kuwa yeye ndiye anayebeba hatari ya hasara.

Nilikata minofu ya sangara miaka 16 katika kiwanda kimoja hapa Mwanza. Minne ya mwanzo nilikuwa deiwaka, kibarua wa kutwa. Saa 11 alfajiri uko getini, gambuti zako kwenye mfuko wa rambo, mnasubiri samaki kutoka visiwani. Mzigo ukija mkubwa, msimamizi anaingiza watu 80. Ukija mdogo, 30. Usipokuja, mnakaa chini ya mwembe mpaka saa 6 mchana, kisha kila mtu anarudi kwake kwa miguu. Ziwa likichafuka na wavuvi wasitoke, hasara ya siku hiyo aliibeba nani? Kiwanda kilizima mashine, na majina yetu hayakuandikwa popote. Mimi nilikuwa nimeacha mtoto mchanga kwa jirani.

Ukiingia ndani, unapasua nyuma ya shavu, unateremka na mfupa wa mgongo hadi mkiani bila kuinua kisu, unageuza samaki. Ukiacha nyama kwenye mfupa unafokewa, maana hiyo nyama ni ya Ulaya. (Siku hizi nanunua mifupa hiyohiyo, naomba Mungu kijana wa kisu awe mvivu kidogo.)

Sangara walipopungua, nasi tukapunguzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Nikapewa siku 70. Miaka yangu minne ya udeiwaka haikuwa na karatasi, na miwili mingine ilizidi kikomo. Sisemi nilidhulumiwa, hesabu ya sheria ndiyo hiyo. Ila nisiambiwe thamani yangu ilishuka. Mkono wangu ulikuwa uleule. Waliokwisha ni sangara, na walivuliwa wachanga, chini ya sentimita 50 zinazotakiwa, kwa sababu wachanga nao walikuwa na mnunuzi.

Binti yangu anasoma sheria pale Nyegezi. Nilipomsomea makala yenu alicheka, akanionyesha kuwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie maslahi ya wafanyakazi pia, mbali na ya wanahisa. Kumbe hata kwenye karatasi kampuni ya Tanzania siyo ile ya Friedman. Na wawekezaji wanalijua hilo vizuri: wakija kuomba kiwanja na nafuu ya kodi, neno la kwanza mdomoni ni ajira. Faida tunakuja kuisikia siku ya kupunguzwa.

Nami nikiri la kwangu. Nina msichana anayenisaidia kukaanga, anatoka Mabatini kila asubuhi. Jumamosi iliyopita mapanki hayakupatikana kabisa. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani, kazi hakuna, maneno yaleyale niliyokuwa naambiwa getini. Ulimi ukawa mzito. Nikampa nauli na nusu ya ujira wake, jioni nikakopa unga kwa Mangi. Mwandishi wenu atasema hiyo siyo biashara. Huenda. Deni la Mangi nimelimaliza jana.

Muuza mapanki,
Igogo, Mwanza