Manowari ya Bomba Tatu Imefika na Mizinga Minane

Entebbe,
11 Machi 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Ndugu Meneja,

KUH: MIZINGA MIWILI INAYOKOSEKANA KATIKA MODELI YA MANOWARI YA KIJERUMANI SMS KÖNIGSBERG, KIPIMO 1:350

Mimi ni mteja wenu, huu ni mwaka wa sita. Kwenu nilinunua modeli ya manowari Bismarck, nikanunua ya Hood, na rangi na gundi sikumbuki mara ngapi. Sijawahi kuwaandikia kwa ubaya. Leo naandika kwa sababu nimepiga simu mara nne na kutuma ujumbe mara saba, na jibu nililopewa siwezi kulimeza.

Tarehe 20 Januari niliwatumia kwa simu shilingi 17,500 za Kenya, na 1,300 za kusafirisha mzigo kwa basi. Kwetu huku hizo ni zaidi ya laki tano, na mimi ni askari mstaafu ninayeishi kwa pensheni. Niliweka akiba tangu Julai. Tarehe 24 nikapanda teksi hadi Kampala, nikachukua mzigo kwenye ofisi ya mabasi. Watu wa basi sina neno nao: boksi lilikuwa zima, kona zote nne zimesimama, gundi ya karatasi haijaguswa.

Nina desturi yangu ya kufungua boksi jipya. Nasubiri asubuhi kukiwa na mwanga, natandika shuka jeupe mezani, kisha nahesabu kila kipande nikifuata karatasi ya maelekezo kabla kisu hakijagusa chochote. Karatasi yenu inasema kipande namba 41, mtutu wa mzinga, viwe kumi. Namba 42, ngao ya mzinga, viwe kumi. Ndani ya mfuko nilikuta mitutu minane na ngao nane. Nikahesabu tena. Nikamwita mjukuu wangu mwenye macho makali, naye akaishia nane. Nikakung'uta boksi, nikakung'uta shuka, nikapiga magoti na tochi chini ya meza. Mtutu mmoja una urefu wa milimita 12 tu, ni kama punje ya mchele na nusu, na najua kitu cha namna hiyo hupotea kwa chafya moja. Ndiyo maana nahesabu kabla ya kufanya lolote.

Tena kuna jambo la mfuko wenyewe, na hili naomba mlitazame kwa makini katika picha niliyoambatisha. Mfuko ulikuwa umebanwa na pini mbili za stepla. Pini mbili hutoboa matundu manne. Mfuko huu una matundu manane, manne yana pini na manne ni matupu, yamepangana sambamba, nusu sentimita chini ya mengine. Maana yake ulifunguliwa, ukafungwa upya. Simtaji mtu wala simshtaki mtu, maana sikuwepo. Lakini boksi liliuzwa kwangu kama jipya, na mfuko wake ulikuwa umeshafunguliwa kabla haujanifikia.

Nilipopiga simu mara ya kwanza, kijana wenu alinisikiliza vizuri, akaahidi kuuliza stoo. Mara ya pili akasema stoo wamesema boksi hutoka kiwandani hivyo hivyo. Mara ya tatu akanitumia picha ya minara ya mizinga ya meli ya Vita Kuu ya Pili, mizinga miwili miwili ndani ya mnara mmoja, akaniuliza kama hiyo haiwezi kufaa. Mara ya nne, na ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, aliniambia: "Mzee, wewe weka hiyo minane. Nani atahesabu?"

Tangu hapo ujumbe wangu unasomwa, haujibiwi.

Nataka kumjibu kijana huyo, kwa heshima, kupitia kwako. Ninayehesabu ni mimi. Na meli hii, kuliko meli nyingine yoyote mnayouza, ni meli ya kuhesabiwa mizinga.

Mnapoiuza, mnaandika kwenye tangazo lenu kwamba ni "manowari ya Kijerumani". Watu wa pwani walipoiona ikiingia Dar es Salaam mwaka 1914 waliipa jina lao wenyewe, Manowari ya Bomba Tatu, kwa ajili ya bomba zake tatu za moshi. Ilikuwa na urefu wa mita 115.3, na mizinga kumi ya sentimita 10.5: miwili omoni, yaani mbele, imekaa bega kwa bega, mitatu kila ubavu, na miwili tezini, yaani nyuma. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliingia Zanzibar alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikitengeneza mitambo yake. Kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, ikafunikwa matawi kama sehemu ya msitu, na Waingereza wakalazimika kuleta Severn na Mersey, meli mbili bapa zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazili, kwa sababu meli zao kubwa zisingeweza kuelea kwenye mito ile. Walijaribu tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa. Tarehe 11 wakarudi, ndege ikiwaelekeza kutoka angani risasi zao zinaangukia wapi, na siku hiyo Wajerumani wakailipua meli yao kwa mikono yao.

Hapo ndipo manowari nyingine huishia. Hii haikuishia hapo. Mizinga yote kumi iliopolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja ulisafiri hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli Graf von Goetzen, hiyo hiyo ambayo Waingereza waliiopoa baadaye wakaiita Liemba. Mingine ilivutwa na watu, kwa kamba, matopeni na milimani. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari katika Batalioni ya Nne ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki; ilikuwa batalioni ya Uganda. Baba alitusimulia kwamba mzee hakuwahi kuiona ile meli, wala bahari yenyewe hakuiona mpaka vita vilipokwisha, lakini mizinga yake aliijua kwa sauti. Walipoisikia walilala chini, kisha wakanyanyuka wakahesabu nani hajanyanyuka.

Mwaka 2017 nilikwenda Mombasa kwenye harusi. Kesho yake wenzangu walienda baharini, mimi nikaingia Fort Jesus. Mzinga mmoja wa Königsberg upo pale. Nilikuwa na rula, kamba na daftari. Nilipima unene wa mtutu mdomoni na katikati, nikachora jinsi bolti zilivyopangwa, nikaweka kiganja changu juu ya chuma kile kikiwa na joto la jua la saa saba. Wakati ule sikujua kama kuna mtu anatengeneza modeli ya meli hiyo. Mlipoitangaza mwaka jana nilikuwa na daftari tayari.

Kwa hiyo ninyi mnaniambia niache nafasi mbili wazi. Ziwe zipi? Nikiziacha za omoni, meli inakuwa na kipara mbele. Nikiziacha za tezini, inakuwa meli isiyoweza kumpiga anayeifukuza. Nikitoa mmoja kila ubavu, ni meli nyingine kabisa, haikuwahi kuelea popote.

Mtasema fundi atengeneze mwenyewe. Ninaweza, na nimejaribu. Kabla ya kukutana na maboksi yenu nilikuwa natengeneza kwa mabati ya makopo meli nilizoziona bandarini Port Bell, yaani Kaawa na Pamba, na jeshini nilikuwa fundi wa magari kwa miaka 22. Nilichukua sindano ya hospitali, nikaikata milimita 12, nikaisugua kwa msasa mwembamba mpaka ikachongoka kidogo mbele. Mtutu ulitoka vizuri. Ngao nikaikata kwenye bati la kopo la soda. Ukiiweka peke yake inapendeza. Ukiiweka kando ya ngao zenu za rezini, ile plastiki ya kumimina, ambazo kingo zake zimepindwa kwa unyofu wa ajabu, jicho linaenda moja kwa moja kwenye ile ya bati. Mizinga miwili ya tezini inakaa pamoja, haifichiki. Na hata kama ingefichika, mimi nililipia kumi.

Niwe mkweli katika mengine. Bodi ya meli ilifika imepinda. Nilipoilaza juu ya kioo, shilingi mia ya Uganda ilipita chini ya tezi bila kugusa. Hilo silalamikii. Rezini hupinda kwa joto, na boksi limetoka mbali. Nililichovya bodi kwenye beseni la maji ya moto, nikalinyoosha polepole kwa vidole, nikalikandamiza juu ya kioo na kulimwagia maji baridi, likakaa sawa. Urefu wake ni milimita 329, ndivyo inavyotakiwa kabisa. Omo yake imebinuka mbele chini ya maji kama ya meli yenyewe. Bomba tatu zimenyooka. Aliyechonga modeli hii aliipenda, na ndiyo maana naumia zaidi kuona imepunguzwa na mtu ambaye pengine hakuitazama.

Kazi sikuisimamisha. Hapa Entebbe kupaka rangi ni asubuhi tu, kabla wadudu wa ziwani hawajapanda, maana wakija wanakuja kama moshi na kunasa kwenye rangi mbichi, na huwezi kuwatoa bila kuacha alama ya mabawa. Bodi nimeipaka kijivu tabaka tatu nyembamba. Sitaha nimeipaka rangi ya mbao, ubao mmoja mmoja, mwingine umekolea na mwingine umepauka, kwa brashi ya nywele tatu. Kamba za milingoti nimetumia uzi wa nailoni ambao binti yangu ananiachia kutoka saluni kwake. Mikoko ya Rufiji nimeianza kwa mizizi mikavu niliyookota ufukweni. Mizinga minane imeshakaa mahali pake.

Ninachoomba ni hiki. Mnitumie mitutu miwili, namba 41, na ngao mbili, namba 42, za boksi hilihili, kwa gharama yenu. Vipande hivyo vinne vinaingia ndani ya bahasha ya kawaida. Kama hamna, agizeni kwa mtengenezaji. Ninyi ndio mnaomjua, mimi nina risiti yenu tu. Kama hilo nalo haliwezekani, nirudishieni nusu ya bei, na mniandikie kwamba vipande havikuwemo, ili nimpelekee mtengenezaji barua yenu mwenyewe. Sitaki punguzo la ununuzi ujao. Sitaki minara ya meli nyingine.

Naomba pia kujua nani aliufungua mfuko, na kama ni kawaida ya duka lenu kutoa vipande kwenye boksi moja kukamilisha jingine. Kama ndivyo, boksi lililoguswa liuzwe kwa bei yake na mnunuzi aambiwe. Wengine wangelinunua hivyo bila kinyongo. Mimi mwenyewe ningeweza kulinunua, kama ningeambiwa.

Nawapa siku 21 kuanzia mtakapopokea barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa taarifa, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya kwenye Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pamoja na picha zote na ujumbe wote wa simu. Sipendi kufika huko. Ningependa zaidi kupata bahasha.

Mjue pia kwamba huku tunaofanya kazi hii ni wachache, watu watano, tunakutana Jumapili moja kwa mwezi. Tulikuwa tumekubaliana kuchanga na kuwaagiza Severn na Mersey ziwekwe mbele ya Königsberg katika meza moja. Pesa imeshakusanywa, iko kwa mweka hazina wetu. Wenzangu wamesema wanasubiri kuona barua hii itajibiwaje, na mimi sikuwaambia wasisubiri.

Nimeambatisha picha sita: risiti, mfuko na matundu yake, vipande vilivyopangwa juu ya shuka, ukurasa wa maelekezo wenye namba 41 na 42, sitaha ilivyo leo, na mzinga wa Fort Jesus.

Tezini nimeshatoboa matundu mawili ya kushikia mizinga, kwa sindano, kila moja upana wa nusu milimita. Rangi nimeizuia kwa utepe wa karatasi ili gundi ishike. Utepe huo hautakiwi kukaa zaidi ya mwezi.

Wenu,

Sajini mstaafu,
mteja wenu wa Entebbe