Lori linarudi lini? Barua kwa mdogo wangu aliye Houston

Mdogo wangu,

Mbukwa. Sisi huku wazima. Vumbi la Septemba ni lile lile, na zabibu zimejaa Majengo mpaka wauzaji wanakufuata wenyewe.

Ile sauti uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisikiliza mara tatu. Unamcheka jirani yako, mzee wa watu, aliyekwambia kimbunga kikija tena hatoki ndani hata wamjie na bunduki. Ukasema, "Hawa wana magari, wana barabara, wana simu zinazopiga kelele zenyewe, bado wanakaidi." Grupu zima likacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikalala nikimuwaza bibi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wanaofikiri kama wewe ni wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka Januari ile ya Gulwe, kijijini kwa bibi.

Wewe ulikuwa umeshasafiri, ulisimuliwa juu juu tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, mto Kinyasungwe umejaa hadi kingo, na unajua reli ya pale inavyosombwa kila ukifika msimu kama huo. Mjomba akanipigia: njoo umwondoe mama, sisi ametushinda. Nikafika saa nane mchana juu ya bodaboda, matope mpaka magotini. Lori lilikuwa limesimama karibu na shule, limeshapakia magodoro na watoto. Mwenyekiti wa kitongoji anazunguka na kipaza sauti ambacho betri zake zimeisha nusu, sauti inatoka kama ya mtu mwenye mafua.

Bibi amekaa kwenye kigoda anapeta uwele. Anapeta, anapuliza, anaokota kijiwe, anatupa. Kama hasikii.

Mwenyekiti akamsihi, mjomba akafoka, mimi nikajidai msomi nikaanza kueleza habari za utabiri wa hali ya hewa. Alitusikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Lori linarudi lini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenyekiti alisema, "Bibi, panda kwanza, mengine baadaye." Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana maneno hayo bibi aliwahi kuyasikia. Mwaka 1971, kwenye Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, alipandishwa lori akiwa na mama yetu mgongoni, akaambiwa panda kwanza, huko mnakokwenda kuna maji, kuna shule. Tembe aliyoiacha hakuilala tena. Kwa hiyo sisi tuliposema "kuhama kwa muda", yeye alisikia "kuhama" tu. Hilo la muda lilikuwa letu.

Wala si yeye peke yake nchi hii. Baada ya mafuriko makubwa ya Rufiji ya mwaka 1968, serikali iliwatoa watu bondeni ikawaweka kwenye vijiji vya mwinuko. Kwa usalama, sawa. Lakini udongo wenye rutuba ulibaki kule chini, na watu wakaendelea kuteremka kulima huko huko. Ungewaita wakaidi? Walikuwa na njaa ya kila mwaka ya kufikiria, na mafuriko hayaji kila mwaka.

Sasa turudi kwa mzee wako. Nenda kamuulize Septemba 2005 alikuwa wapi. Kama alikuwa Houston, kuna uwezekano mkubwa alikuwa barabarani. Kimbunga Katrina kilikuwa kimeipiga New Orleans wiki chache tu nyuma, watu wameona maiti kwenye televisheni, basi kimbunga kingine, Rita, kilipotangazwa kila mtu akawasha gari siku moja. Zaidi ya watu milioni mbili waliondoka, wakiwemo wengi ambao maeneo yao hayakuambiwa yaondoke. Foleni ikaenda zaidi ya kilomita 100. Joto la Texas unalijua wewe. Watu walizima viyoyozi ili kubana mafuta, mafuta yakaisha hivyo hivyo, wengine wakakaa njiani zaidi ya saa 20 kwa safari ya saa nne. Karibu na Dallas, basi lililobeba wazee kutoka kwenye nyumba ya kulelea wazee lilishika moto, chanzo kikiwa gurudumu la nyuma lililopata joto kwa kukosa grisi, na mitungi ya oksijeni ndani ikalipuka. Wazee 23 walikufa. Jumla ya waliokufa kutokana na huko kukimbia ilipita 100. Na Rita yenyewe ikapinda mashariki, Houston ikapata nafuu.

Mtu aliyetoka kwenye foleni ile akarudi akaikuta nyumba yake imesimama kama alivyoiacha, wewe utamwambia nini safari nyingine?

Meya wa Houston mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipokuja, hakuagiza watu waondoke, na foleni ile ya Rita ndiyo aliyoitaja. Maji yakajaa mji. Mahali pengine Texas zilipimwa milimita zaidi ya 1,500 za mvua kwa siku chache, wakati Dodoma kwa mwaka mzima tukifika 600 tunashukuru. Wapo waliomlaumu, wapo waliomtetea, na mimi mpaka leo sijui ningefanya nini kwenye kiti kile.

Kuhusu magari: New Orleans, watu kama laki moja hawakuwa nayo. Amri ya lazima ya kuondoka ilitolewa Jumapili asubuhi, tarehe 28 Agosti, Katrina ikaingia kesho yake asubuhi. Tarehe 28, mdogo wangu! Wewe uliyewahi kuniomba nauli tarehe kama hiyo unanielewa. Vyuma vimekaza, malipo ya mwezi hayajaingia, na hoteli ya ugenini inataka pesa mkononi. Wengine walibaki kwa ajili ya mbwa na paka, kwa sababu mabasi na kambi nyingi hazikuwapokea. Mwaka uliofuata ilibidi Marekani itunge sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu iwahesabu na wanyama wao. Kwa hiyo paka wa mzee wako usimcheke.

Maana bibi naye ilikuwa mbuzi. Kumi na mmoja, na mmoja ana mimba. Kilichomtoa siku ile hakikuwa kipaza sauti wala elimu yangu. Kijana mmoja wa jirani, ambaye hata hakuombwa, aliwaswaga mbuzi mpaka kilimani penye shule, akarudi amelowa, akamwambia, "Bibi, mbuzi wako juu. Wewe shika ufunguo wako, alfajiri nakuja kukuchukua tukaiangalie nyumba." Bibi akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kulihakikisha, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Akatembea kwa miguu. Lori hakulipanda.

Usiku maji yalifika. Ukuta wa jikoni ulianguka, nyumba kubwa ikabaki, maji yakiishia kwenye kizingiti. Alfajiri kijana akaja kweli. Bibi akasimama pale mlangoni, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Kumbe ningelala tu." Ndiyo ujue kazi iliyopo mwaka mwingine.

Pwani yetu nayo iko huko huko. Kimbunga Jobo mwaka 2021 kilitangazwa, watu wakajiandaa, kikafifia kabla ya kufika. Mwezi Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia kweli. Onyo la pili linaingia kwenye sikio lililokwisha kusikia la kwanza.

Basi mwendee yule mzee, na usiende na ramani ya simu. Muulize akiondoka atafikia kwa nani, na paka atakaa wapi. Gari lako lina viti vitano na wewe uko peke yako.

Bibi anakusalimu. Nilikosea nikamsimulia ile foleni ya Rita, sasa kila nikimpigia anataka kujua kama tangi lako limejaa.

Kaka yako